Kitabu cha wimbi: namna ya kumtengenezea mtoto kitabu cha picha kuhusu msanii mkubwa

Mtoto wa Kirumba, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, anaujua mtumbwi kabla hajazijua herufi. Anajua ziwa linavyochafuka upepo ukigeuka mchana, anajua karabai za wavuvi wa dagaa zinavyomeremeta usiku kama mji mwingine juu ya maji, na anajua mama wa soko la samaki la Mwaloni wanavyotazama upeo wa maji pale mashua inapochelewa. Akiba hiyo inamtosha kabisa kukutana na mchoraji wa Japani aliyefariki mwaka 1849. Anachokosa ni kitabu cha kuwakutanisha.

Vitabu vya picha vinavyowajulisha watoto wasanii wakubwa viko tele katika lugha nyingine. Cha Kiswahili, katika maduka ya vitabu ninayoyazungukia hapa mjini, sijabahatika kukipata. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimfasiria mpwa wangu ukurasa kwa ukurasa, nikiruka mistari na kubahatisha majina, mpaka siku moja akaniambia, "Shangazi, hiki si kitabu chetu." Tangu hapo tunatengeneza vya kwetu, mezani, kwa manila, gundi na uzi wa nyavu. Mwongozo huu ni kwa mzazi, mlezi au mwalimu wa chekechea na madarasa ya mwanzo mwenye watoto wa miaka minne hadi minane. Kitabu kimoja kinakula Jumamosi moja na nusu ya Jumapili.

Hatua ya kwanza: tafuta picha kwanza, msanii atafuata

Kitabu changu cha kwanza kilianza hivi: "Katsushika Hokusai alizaliwa katika mji wa Edo mwaka 1760." Kilikuwa sahihi na kilikuwa kibaya. Kufika ukurasa wa pili, mpwa wangu, wakati huo ana miaka mitano, alikuwa tayari anachomoa ukili wa mkeka. Nikafunua haraka hadi kwenye picha ya wimbi. Akaacha ukili, akasogea, akaweka kidole juu ya mashua ya chini kabisa na kuuliza, "Shangazi, hawa watafika?"

Hakuuliza nani kachora, wala mwaka gani. Aliuliza kuhusu watu waliomo ndani ya mashua, na kwa dakika kumi tukawa tunazungumza juu yao. Mwisho wa mazungumzo, bila kusukumwa, akauliza, "Aliyechora alikuwepo?" Hapo ndipo jina la Hokusai lilipopata mahali pa kukaa. Nikakibomoa kitabu chote na kukipanga upya, na mpangilio huo ndio ninaoutumia hadi leo: picha kwanza, swali la pili, mtu wa tatu.

Basi chagua picha moja tu. Picha nzuri kwa mtoto ina kitu anachokitambua bila kuambiwa, ina kitu kidogo kilichojificha cha kutafuta, na inaacha swali ambalo hata wewe mtu mzima huna jibu lake la uhakika. Picha ya Hokusai, ile inayojulikana kama Wimbi Kubwa la Kanagawa, aliyoichora yapata mwaka 1831, ina vyote. Kuna mashua ndefu tatu, na moja si rahisi kuiona mara ya kwanza. Kuna mlima Fuji, mdogo kama kichuguu, umekaa kwenye bonde la wimbi. Tena kuna wimbi dogo pale mbele lenye umbo lile lile la mlima. Nilikaa na picha ile wiki mbili bila kuliona, akaja kunionyesha binti wa jirani mwenye miaka sita. Na mashua zenyewe zilikuwa za aina iliyotumika kukimbiza samaki sokoni. Mweleze hivyo mtoto aliyewahi kufuatana na bibi yake Mwaloni alfajiri uone atakavyokutazama.

Ukitaka kitu tulivu zaidi, chukua chumba cha kulala cha Vincent van Gogh, Mholanzi aliyekichora mara ya kwanza mwaka 1888 akiwa katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa. Kitanda cha mbao, viti viwili, meza yenye jagi na beseni, taulo limetundikwa karibu na mlango. Mtoto anahesabu vitu, kisha anauliza kwa nini mtu anayeishi peke yake ana viti viwili na mito miwili. Au mayungiyungi ya Claude Monet, ambaye alichora takriban picha 250 za maua hayo kwenye bwawa la bustani yake huko Giverny. Hapa kwetu mtoto atakwambia ni magugumaji. Usimkatize kwa haraka. Mpeleke ufukweni akaone kwamba gugumaji lina ua la zambarau lililosimama kama kinara, na jani lenye shina lililovimba kama puto, wakati jani la yungiyungi limelala bapa juu ya maji. Akirudi kwenye picha ya Monet atakuwa anatazama kweli.

Neno moja zito kabla hatujaendelea. Huku kwetu picha ya mashua chini ya wimbi si mchezo tu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, na kuna mitumbwi isiyotajwa popote ambayo haikurudi. Ukiwa na kundi la watoto, uliza kwanza kwa wazazi. Kama nyumba fulani imempoteza mtu ziwani, anza na chumba cha Van Gogh, au na wanyama wa Tingatinga nitakaowafikia hapo chini. Wimbi litangoja.

Hatua ya pili: pata picha iliyo safi

Usipige picha ya skrini, na usichukue ile ndogo inayotokea kwanza ukitafuta kwenye simu. Ikikuzwa inakuwa vumbi. Makumbusho kadhaa makubwa yameweka kazi za zamani kwenye tovuti zao kwa ukubwa kamili, bure, kwa mtu yeyote kupakua na kutumia: Metropolitan Museum of Art ya New York, Rijksmuseum ya Amsterdam na Art Institute of Chicago ni baadhi. Wimbi la Hokusai utalipata Metropolitan, kwa kuwa ni picha iliyochapwa nakala nyingi na makumbusho mbalimbali yana nakala zake. Chumba cha Van Gogh kipo Chicago. Alikichora mara tatu, na moja kati ya hizo tatu iko hapo. Pakua faili kubwa, liweke kwenye flashi, nenda nalo steshenari.

Steshenari ndipo mambo yanapoharibikia. Mara yangu ya kwanza nilimwachia kijana flashi, nikaenda kununua nyanya, nikarudi kukuta nakala sita zimeshatoka, zote nyeusi na nyeupe, kwa sababu wino wa rangi ulikuwa umekwisha na hakutaka kunisumbua. Nilizitumia hivyo hivyo kwa kuona uchungu wa hela. Mtoto wa kwanza kufungua akauliza, "Haya ni matope?" Alikuwa na haki. Wimbi lile lote ni habari ya bluu: ilikuwa rangi mpya iliyoingia Japani kutoka Ulaya, bluu ya Prussia, na wachapaji wa wakati ule waliipenda mno kwa sababu ilikuwa nzito na haikupauka upesi kama bluu zao za zamani. Ukiiondoa bluu umeondoa picha. Kwa hiyo simama pale, omba ukurasa mmoja wa majaribio, uutazame nje penye mwanga wa jua, kisha ndipo zitoke nyingine. Omba karatasi nzito kidogo kuliko ya kawaida ya kopi.

Kuhusu haki: sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hokusai, Van Gogh aliyefariki 1890 na Monet aliyefariki 1926 hawana tatizo. Kwa wasanii wa karibuni, mfano George Lilanga aliyefariki mwaka 2005, usichape picha zao kwenye kitabu unachotaka kuuza au kugawa bila ruhusa ya wanaomiliki haki. Badala yake mweleze mtoto kwa maneno, muende mkaone kazi yenyewe palipo na maonyesho, halafu mtoto achore alichokiona. Ukurasa huo ni wake.

Hatua ya tatu: kata picha vipande

Ukimwonyesha mtoto picha nzima mara moja, macho yanapita juu juu. Mpe kipande, kisha kipande kingine, halafu mfungulie yote. Nimejifunza hili kwa bibi anayesimulia hadithi: hatoi zimwi lote mlangoni, kwanza unasikia kishindo, halafu unaona kucha.

Kwa wimbi, mimi huchapa picha mara mbili: moja kamili ya ukubwa wa A4, na nyingine imekuzwa na kukatwa vipande vitano. Povu la juu peke yake, lile lenye ncha kama makucha. Mgongo wa wimbi. Watu ndani ya mashua, wameinama juu ya makasia. Mlima. Na ule mstatili mdogo wenye maandishi kwenye kona ya juu kushoto, ambamo mmeandikwa jina la picha, na pembeni yake sahihi ya mchoraji. Watoto wanaupenda sana mstatili ule. Ni siri iliyoandikwa hadharani.

Picha halisi si kubwa. Ni kama sentimita 25 kwa 37, yaani kati ya A4 na A3. Mwambie mtoto hivyo na umpe karatasi mbili azishike kuonyesha ukubwa. Wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunadhani ni picha ya ukubwa wa ukuta.

Hatua ya nne: panga kurasa 16

Nunua shiti moja kubwa ya manila nyeupe na uikate nane. Vipande vyake vinakaribia ukubwa wa A4, na vinne kati yake, vikikunjwa katikati na kuingizwa kimoja ndani ya kingine, vinakupa kurasa 16. Shiti moja inatoa vitabu viwili. Kunja kwanza, halafu andika namba za kurasa kwa penseli pembeni, ukifungua kimoja kimoja. Usibandike chochote kabla ya hapo. Karatasi zikiachanishwa, ukurasa wa 2 uko ubavuni mwa ukurasa wa 15, na kichwa kinachanganyikiwa.

Picha kamili inakaa kurasa za 8 na 9, katikati kabisa, kwa sababu hapo tu ndipo kurasa mbili ni karatasi moja isiyokatika. Hapo usiandike neno hata moja.

Maneno yangu kwa kitabu cha wimbi ni haya, ukiyataka yachukue:

Ukurasa wa 1: jina la kitabu na jina la mtoto.
Ukurasa wa 2: Haya ni makucha?
3: Siyo. Ni povu.
4: Povu la wimbi.
5: Wimbi refu kuliko nyumba.
6: Na hawa ni nani?
7: Wapiga makasia. Mashua zao hukimbiza samaki sokoni.
8 na 9: picha yote.
10: Kule nyuma kuna mlima. Mdogo, eti?
11: Si mdogo, uko mbali. Ni Fuji, mlima mrefu kuliko yote ya Japani.
12: Aliyechora ni Hokusai.
13: Alianza kupenda kuchora akiwa na miaka sita.
14: Alipochora wimbi hili alikuwa babu wa miaka 70 hivi.
15: Alikuwa na binti, Ōi. Naye alikuwa mchoraji.
16: Nafasi ya mtoto.

Msanii amepewa kurasa nne tu, na ameingia baada ya katikati. Usiogope uchache huo. Mengine yako kinywani mwako, yatatoka mtoto akiuliza: kwamba Hokusai alibadilisha jina lake la kazi zaidi ya mara thelathini, kwamba uzeeni alijiita mzee mwenye wazimu wa kuchora, kwamba alipopita miaka 70 aliandika kuwa yote aliyoyachora kabla ya umri huo hayakuwa na maana, na kwamba alitumaini kufikia miaka 100 ili hatimaye achore vizuri. Alifariki akiwa na miaka 88. Mtoto wangu wa darasa la kwanza, aliyekuwa amechana mchoro wake kwa hasira kwa sababu mguu wa ng'ombe umekuja vibaya, aliposikia habari hiyo alinyamaza kidogo kisha akauliza kama ile karatasi inaweza kubandikwa na gundi. Tuliibandika. Iko ukurasa wa 16 wa nakala yake, na mshono wa gundi unaonekana.

Andika kwa mkono, herufi kubwa za kuachana, kwa kalamu ya maka. Sentensi moja kwa ukurasa, na iwe sentensi unayoweza kuitamka kwa pumzi moja. Ukiona umeandika "mashuhuri", "maarufu duniani" au "kazi bora", futa. Mtoto hajali sifa ambazo wengine wamempa mtu; zinaziba tu njia ya kumfikia.

Kuna maswali magumu yatakuja. Van Gogh alijikata sikio, na alikufa kwa jeraha la risasi akiwa na miaka 37. Mimi siyaweki hayo kwenye kurasa za mtoto wa miaka mitano. Ila mtoto akiuliza, simdanganyi. Namwambia alikuwa anaugua ugonjwa wa akili, kwamba mdogo wake Theo alimpenda na kumtumia fedha na rangi miaka yote ile, na kwamba alipokuwa mgonjwa aliendelea kuchora. Hapa kwetu kila mtaa una mtu anayeugua hivyo na watoto wanamwona kila siku wakipita kwenda shule. Nimeona mazungumzo ya Van Gogh yakigeuka kuwa mazungumzo juu ya mtu huyo, na watoto wakaacha kumrushia mawe kwa wiki ile na iliyofuata.

Hatua ya tano: bandika na ushone

Gundi ya uji wa unga inashika vizuri lakini mende na panya wataila pamoja na Hokusai. Gundi nyeupe ya mbao, ikiongezwa maji kidogo, ni bora. Paka nyembamba, kutoka katikati ya picha kuelekea pembeni, kandamiza kwa kitambaa kikavu, kisha weka kitabu chini ya kitu kizito usiku kucha. Ndoo ya maji inafaa.

Kushona: stepla zinashika kutu upesi kwa unyevu wa huku ufukweni, na zinachoma vidole. Tumia uzi wa nyavu. Mwaloni wanauza, na fundi wa nyavu akiona una mtoto mkononi huenda akakukatia bure kipande kirefu kama dhiraa mbili. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia: moja katikati, moja juu, moja chini, ukiacha nafasi ya vidole viwili kutoka kila ncha. Ingiza uzi kutoka ndani kupitia tundu la katikati, ukiacha mkia wa shibiri moja ndani. Rudi ndani kwa tundu la juu. Teremka ndani kwa ndani moja kwa moja, uruke lile la katikati, utokee nje kwa tundu la chini. Panda kwa nje, uingie tena katikati. Sasa ncha zote mbili ziko ndani, huku na huku ya ule uzi mrefu; zikaze na uzifunge juu yake kwa fundo. Mtoto wa mvuvi atakufundisha fundo zuri kuliko langu.

Kwa jalada, shiti ya manila ya rangi nyingine, ishonwe pamoja na kurasa. Halafu kijaladie kwa nailoni kama madaftari ya shule.

Hatua ya sita: soma

Kaeni mkekani, mtoto mmoja au wawili, wasizidi wanne, maana wa tano haoni. Anza jioni jua likiwa bado lipo. Bluu ile haipendezi kwenye mwanga wa taa. Fungua ukurasa wa 2, soma "Haya ni makucha?" na unyamaze. Kunyamaza huko ni kugumu kwetu watu wazima. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mtoto atasema chui, atasema tai, mmoja alisema mkono wa bibi. Yote yapokee.

Mkifika katikati, mwambie apitishe kidole juu ya picha kutoka kushoto kwenda kulia kama tunavyosoma sisi, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. Kijapani cha enzi hiyo kilisomwa kutoka kulia. Ukipita njia yetu unakwenda pamoja na wimbi; ukipita njia ya Hokusai unakwenda pamoja na mashua, na wimbi linakujia usoni. Nimewahi kumwona mtoto akirudisha kidole nyuma kwa kushtuka.

Akiuliza kama watafika, mrudishie: "Wewe unaonaje?" Wa kwetu waligawanyika. Mpwa wangu alisema watafika kwa sababu wamelala chini wote kwa pamoja, na baba yake huwa anawaambia wafanye hivyo.

Hatua ya saba: mikono ifanye alichofanya msanii

Kitabu bila hatua hii kinabaki nusu. Na si kunakili wimbi. Watoto wakinakili wanakata tamaa. Wafanye kazi kwa njia aliyoifanya yeye. Picha ya Hokusai haikupakwa kwa brashi juu ya karatasi moja. Yeye alichora mchoro, fundi mwingine akauchonga kwenye mbao za mcheri, na fundi wa tatu akachapa, kila rangi na ubao wake.

Sisi tunatumia viazi vitamu. Kata kiazi kibichi katikati, futa utomvu kwa kitambaa, mtoto achore umbo kwa msumari, nawe umalizie kuchonga kwa kisu. Rangi ni bluu ya kufulia iliyokorogwa kwenye uji mwepesi wa muhogo, uzito wa maziwa ya mgando. Weka kipande cha sponji kwenye kisosi, mimina rangi juu yake, gonga kiazi kwenye sponji kisha kwenye karatasi. Iangalieni isiingie mdomoni. Kiazi cha pili kiwe cha rangi nyeusi: masizi ya sufuria yaliyosagwa laini kwenye uji huo huo.

Mwache kila mtoto achonge herufi ya kwanza ya jina lake bila kumwonya. Nyingi zitatoka kinyume. Mshangao ule unamfundisha kuhusu mchongaji wa Edo kuliko maelezo yoyote, kwa sababu sasa anajua kwamba yule fundi alilazimika kuchonga kila kitu, hata lile jina kwenye kona, kwa kugeuza. Hapo mtoto anarudi mwenyewe kwenye ukurasa wa mstatili na kuutazama upya.

Kitabu cha pili kiwe cha kwetu

Usikae na Hokusai tu, mtoto akadhani wachoraji wote wanaishi ng'ambo. Kitabu chetu cha pili kilikuwa cha Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akafika Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alikuwa na miaka minne tu ya kuchora. Ndugu na wanafunzi aliowafundisha waliendeleza, na leo mtindo mzima una jina lake.

Kwa Mwanza habari ya rangi ya baiskeli ni dhahabu. Kila mtoto amekaa kwenye keria ya baiskeli. Kabla ya kufungua kitabu, nenda naye kwa fundi baiskeli, mwombeni awaonyeshe rangi inavyong'aa na kukauka ngumu, na muulizeni kama ina maji ndani yake. Haina, ndiyo maana mvua haiitoi. Mkirudi nyumbani mpeni kipande cha boksi, apake usuli wote rangi moja, kikauke, kisha achore mnyama mmoja tu katikati, mkubwa, anayejaza nafasi. Mnyama mmoja katikati ya usuli mtupu ndiyo ilikuwa njia ya Tingatinga mwenyewe katika picha zake nyingi. Msongamano wa wanyama wengi ulizidi baadaye kwa waliomfuata. Rangi ya baiskeli ina harufu kali na haitoki nguoni, kwa hiyo watoto watumie rangi za maji au kreyoni, na ile ya fundi ibaki ya kutazama.

Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Kwenye kitabu nimeandika "alifariki bado kijana", na maelezo zaidi nayatoa kwa mtoto wa miaka minane akiuliza, si kabla.

Na kama mko karibu na Kisesa, nendeni Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma kabla ya kuanza kitabu cha tatu. Waonyeshe watoto ngoma, viti vya watemi na nyumba zenyewe. Wasimulie pia kwamba katika nchi ya Usukuma, jamii za wacheza nyoka walikuwa wakichora kuta za ndani za nyumba zao, nyoka, watu na wanyama, na kwamba majina ya wachoraji wale hayakuandikwa kwenye kona yoyote. Kitabu cha tatu tulikiita hivyo, Hakuna Jina Kwenye Kona. Ukurasa wa 12, pale ambapo Hokusai ana jina lake, tumeacha mstatili mtupu, na kila mtoto anayekisoma anapewa penseli.